Naam Kumi na Moja

Siku tuliyomzika Bi. Esha katika makaburi ya Kikowani nilisikia mambo matatu juu yake, na yote matatu nayaweka kando kabla sijaanza. Nilisikia kwamba aliipasua barua ya makao makuu ya chama chetu cha riadha mbele ya mjumbe aliyeileta. Nilisikia kwamba alimfungia mjumbe huyo mlango asitoke hadi atie sahihi. Nilisikia pia kwamba alimwita kutoka jikoni, mjumbe akaitika "Naam!", naye akamjibu, "Basi, umeshakubali." Hili la tatu linachekesha, na waliolisimulia barazani baada ya maziko walilisimulia kwa ustadi, lakini kati yao hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba ile siku hiyo. Mimi nilikuwamo, isipokuwa kwa muda niliotumwa kununua barafu, na sikuliona wala kulisikia. Huenda lilitokea nilipokuwa njiani. Sitaliapia. La kwanza nalikanusha kabisa, kwa sababu hakuna mtu niliyepata kumwona akichukia kupasuliwa kwa karatasi kama Bi. Esha. Nitakayoandika hapa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu au kuyasikia yakitamkwa mbele yangu, na haya ya kusikia nitayaeleza kwa tahadhari, kwani mwaka ninaousimulia ndio ulionifunza kwamba sikio, hata likiwa karibu na kinywa kinachosema, laweza kutoa ushahidi wa uongo.

Ulikuwa mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, Mtaita niliyeletwa kisiwani Mombasa na barua ya uhamisho kufundisha Kiswahili katika shule ya upili, na niliamini kwamba lugha hii naijua kwa kuwa nilikuwa na shahada yake. Nilichaguliwa kuwa mwandishi wa vikao vya tawi letu la chama cha riadha kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba hati yangu ilisomeka. Kamati ilikutana kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, katika chumba cha juu cha duka la Bwana Kassim, mtaa wa Biashara. Bwana Kassim alikuwa mweka hazina wetu na muuza kanga, na meza tuliyoikalia ilikuwa ile ile aliyokatia vitambaa asubuhi, hivi kwamba ukiegemeza kiwiko chako uliinuka na nyuzi. Viti vilikuwa saba na hakuna viwili vilivyofanana. Marobota ya kanga yalipangwa hadi darini, na chumba kizima kilinuka wanga wa nguo mpya. Chini yetu sauti za wanunuzi zilipanda ngazi bila ruhusa: huyu ataka doti yenye jina zuri la kumpelekea wifi, yule ataka yenye jina baya, pia ya kumpelekea wifi. Katikati ya kelele hizo watu sita walijadili kwa utulivu mkubwa ni nani atakayepaka chokaa mistari ya uwanja, na kwa nini mkuki wa tawi umepinda.

Mwenyekiti alikuwa Bi. Esha. Alikuwa amestaafu ualimu mkuu wa shule ya wasichana, na kwa miaka mingi kabla ya hapo alikuwa mpima muda katika mashindano ya shule. Wapima muda walikuwa na kanuni ambayo yeye aliigeuza kuwa tabia: mbio zikiisha, kila mmoja huandika kilichomo katika saa yake kabla hajamuuliza mwenzake yeye ameona ngapi. "Ukishamuuliza," aliwahi kuniambia, "huna tena saa, una jirani." Aliongoza kikao kwa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia watu, na kila alipobadilisha tulijua zamu ya nani imefika. Kulikuwa na sinia la viazi vya karai kutoka kwa mama mmoja wa Kibokoni, na chatne ya ukwaju ndani ya kikopo, na halikufunuliwa hata mara moja kabla ya kumbukumbu za kikao kilichopita kusomwa na kuthibitishwa. Bwana Kassim alilalamika kila wiki. "Bi. Esha, viazi vyapoa." Naye kila wiki alimjibu kwa maneno yale yale: "Kinywa kitafunacho hakithibitishi, Kassim." Nimekaa katika kamati nyingi tangu wakati huo, baadhi yake katika majumba yenye mazulia na viyoyozi, na sijaona nyingine iliyothamini kiasi hicho ukweli wa jambo dogo.

Mjumbe wa makao makuu alikuja mwezi wa pili wa mwaka ule. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa alikuwa mtu mwungwana na kosa lililotokea halikuwa lake. Alipanda ngazi akiwa na koti na tai katika joto lile, akapewa dafu, akanywa, akashukuru, kisha akasimama na kueleza pendekezo. Makao makuu yalitaka matawi madogo yaache kufanya mchujo wake, na badala yake wanariadha wa Pwani waungane na wa tawi jingine katika mchujo wa pamoja, huko bara, safari ya siku nzima, mashindano ya siku tatu. Alisema vizuri, kwa hoja zilizopangwa. Kila alipomaliza hoja moja alinyamaza na kututazama, na kila aliponyamaza wazee wale waliitikia kwa pamoja, kwa sauti ya chini, "Naam." Akaendelea. "Naam." Akataja ubora wa viwanja vya huko. "Naam." Mimi nilikuwa nimeinamia daftari langu. Nilihesabu naam kumi na moja, na katika daftari langu, kwa hati yangu iliyosomeka, niliandika mara kumi na moja: *wajumbe waliafiki*. Alipokuwa akiaga, mjumbe aliniomba nakala. Asubuhi iliyofuata niliipiga chapa katika mashine ya shule, bila kumwonyesha mwenyekiti, nikaitia posta kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza. Nilijiona mtendaji.

Barua ilirejea baada ya wiki tatu, ambazo kikao hakikufanyika kwa kuwa mwenyekiti alikuwa safarini. Bi. Esha aliisoma kwa sauti, akafika kwenye maneno "kwa kuwa tawi lenu limeafiki pendekezo hili kwa kauli moja," akasita, akabadilisha miwani. Aliyesema kwanza hakuwa yeye, bali Bwana Katana, kocha wetu, Mgiriama wa Kaloleni aliyefanya kazi bandarini na ambaye kwa kawaida hakusema ila aulizwe.

"Nani kaafiki? Mimi? Mimi niafiki Kadzo asiruke?"

Hapa lazima nieleze Kadzo ni nani, kwani jambo zima lilimwangukia yeye. Kadzo alikuwa mrukaji, wa ule mchezo wa kukimbia, kuruka na kutua mchangani. Alikuwa na miaka ishirini na saba na alichambua chai katika ghala moja la Shimanzi. Mrukaji wa umri huo hana misimu ya kuchezea. Kwa mchujo wa Mombasa msimamizi wake alikuwa amekubali kumpa Jumamosi moja. Kwa siku tano za kwenda bara na kurudi asingempa kitu ila barua ya kufutwa. Mchujo ukihamishwa, Kadzo hangefika mashindano ya taifa mwaka ule, na kwa hesabu ya kocha wake, hangefika tena.

"Hakuna aliyeafiki," alisema Bwana Kassim. "Tulimsikiza tu mgeni."

Nilisimama. Nakumbuka kwamba kiti kilianguka nyuma yangu. Nikasema kwamba mimi ndiye mwandishi, kwamba niliandika nilichokisikia, kwamba naam ilitamkwa mara kumi na moja katika chumba hiki, na kwamba katika kamusi yoyote watakayoifungua naam maana yake ni ndiyo.

"Lo!" akasema Bwana Kassim. "Mwalimu, mke wangu akinisomea orodha ya vitu vya Idi, mimi husema naam toka Ngomeni hadi Makupa. Muulize kama nanunua hata kimoja."

Walicheka wote isipokuwa watu wawili, Bwana Katana na mimi. Bi. Esha aliwaacha wamalize. Kisha akaniita, si kwa ukali, kama mtu amwitaye mwenzake aliye chumba cha pili: "Mwalimu!"

"Naam," nikasema.

"Umekubali nini hapo?"

Nilikuwa nimeishi kisiwani mwaka mmoja na nusu na kila siku nilikuwa nikiitwa na nikiitika hivyo, bila kuwa nimekubali lolote ila kwamba nimesikia. Akanieleza yaliyobaki kwa upole ambao ulinichoma kuliko kicheko. Mgeni, alisema, hakatwi kauli. Asemapo huitikiwa, ajue kwamba watu wa pale wako naye, hawajasinzia. Jawabu hupewa baadaye, watu wakishashauriana. "Sisi jawabu letu tulikuwa twalitunga bado. Wewe ukatutangulia posta."

Yaliyofuata ndiyo ninayoyaheshimu zaidi. Bwana Kassim, ambaye moyo wake ulikuwa mwepesi kunisaidia, alipendekeza ukurasa ule uchanwe na mwingine uandikwe. Nani angejua? Mwanakamati mwingine alitaka iandikwe barua kwamba mwandishi alikuwa mgonjwa. Bwana Katana alitaka twende bara tukapige kelele. Bi. Esha alizikataa rai zote tatu. Ukurasa hauchanwi, alisema, kwa kuwa ukichanwa leo kwa haki utachanwa kesho kwa dhuluma, na mkono utakuwa ule ule. Mwandishi hakuwa mgonjwa, alikuwa na haraka, na haraka si maradhi ya kuandikiwa daktari. Lakini kumbukumbu zile hazijathibitishwa na kikao, na kwa katiba ya chama kumbukumbu zisizothibitishwa hazimfungi mtu. Tutazithibitisha kwa kuzisahihisha, na tutazisahihisha mbele ya mjumbe mwenyewe. "Yeye ndiye aliyeambiwa naam. Tukisahihisha hayupo, tutakuwa twamsingizia, kama yeye alivyotusingizia bila kujua." Akamwandikia barua ya mistari minne kumwalika. Niliipeleka posta mimi, na safari hii alikuwa ameisoma mara mbili.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mama Ngina, mahali Bwana Katana alipomfanyishia Kadzo mazoezi kwenye nyasi za kando ya bahari, katikati ya familia zilizotoka kupunga upepo. Sikutumwa na mtu. Nilitaka kumwona mtu niliyemwandika bila kumjua. Alikuwa amekaa juu ya ukuta mfupi, viatu vya misumari mapajani, akila muhogo wa kuchoma uliotiwa ndimu na pilipili. Bwana Katana alinitambulisha. Kadzo alimeza kwanza.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Mimi."

"Nasikia nimekubali nisiruke."

Nilijaribu kueleza habari ya neno lile. Alinisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, pale ghalani jani bovu hulitoa kwa mkono. Halitoki kwa kulieleza." Akaninyooshea kipande cha muhogo, nikakila, na pilipili ilinitoa machozi, jambo lililomfurahisha sana muuzaji. Baadaye nilimtazama akikimbia kwenye nyasi na kurukia pahali pasipo na mchanga, kwa mazoezi ya hatua tu. Sikuwa mjuzi wa riadha. Nilichokiona ni kwamba watoto waliokuwa wakigombania miwa walinyamaza kila alipopita.

Mjumbe alikuja. Siku hiyo Bi. Esha alitualika kwanza nyumbani kwake, Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho kutoka mdomoni mwake unaona ukuta wa Ngome ya Yesu na wauza vinyago waliojipanga mgongoni mwake. Chakula kilikuwa wali wa nazi, samaki wa kupaka na achari ya maembe, na hakuna aliyetaja riadha hata kwa kosa. Waliulizana hali, na hali ya watoto, na hali ya mvua huko bara, na mjumbe, ambaye safari hii alikuwa amevua tai, alikula kwa kweli. Ni hapo nilipotumwa barafu. Niliporudi kila mtu alikuwa akicheka, na sikuambiwa ni kwa nini. Kisha tukatembea kwa miguu hadi mtaa wa Biashara, tukapanda ngazi, na Bi. Esha akafungua kikao kwa ajenda moja: kuthibitisha kumbukumbu.

Aliniamuru nizisome zote, pamoja na *waliafiki* kumi na moja. Nilizisoma. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma hukumu yake. Nilijua kwamba angeweza kunivunja pale pale, na kwamba kuvunjwa kwangu kungekuwa njia fupi ya kumpatia Kadzo mchujo wake: mwandishi mjinga, mwalimu wa bara asiyejua Kiswahili cha watu, na mambo yakaisha. Hakufanya hivyo. Alibadilisha miwani, akanitazama, akauliza maswali manne, nami nayaandika kama yalivyo kwa kuwa niliyaandika siku ile ile.

"Mwandishi, neno lililotamkwa ni lipi?"

"Naam."

"Lililoandikwa ni lipi?"

"Waliafiki."

"Ni neno moja?"

Mjumbe alinitazama. Bwana Katana aliitazama meza. Chini, mwanamke mmoja alikuwa akidai kwamba kanga aliyouziwa imechuja rangi, naye Bwana Kassim, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuinuka kwenda kumjibu. Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea, yote yenye asili ya Kiarabu na yenye marejeo ya kamusi. Nikasema, "Si neno moja."

"Ni nani aliyelibadilisha?"

"Mimi, Bi. Mwenyekiti. Hakunituma mtu."

"Basi andika lililotamkwa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichokiangusha. Akanionyesha namna: mstari mmoja mwembamba kupita katikati ya neno la zamani, lisomeke bado, neno sahihi juu yake, na herufi za kwanza za jina langu pembeni. Nilifanya hivyo mara kumi na moja huku wote wakisubiri. Ilichukua muda. Viazi vya karai vilipoa, na hakuna aliyelalamika.

Nilipomaliza, mjumbe aliomba daftari, akaligeuza upande wake, akasoma. "Kwa hiyo," alisema polepole, "mlikuwa mkiniambia kwamba mnanisikia."

"Tulikuwa twakusikia," akasema Bi. Esha, "na leo twakusikia. Sasa utupe ruhusa tukupe jawabu."

Akaitisha kura ya mikono juu ya pendekezo la mchujo wa pamoja. Wanaoliunga mkono: hapakuwa na mkono. Wanaolipinga: mitano, kwa kuwa mwenyekiti hakupiga kura ila kura zilingane, na mwandishi alikuwa na haki ya kupiga. Mkono wangu ulikuwa mmoja katika mitano hiyo. Mjumbe angeweza kubisha, kwani tayari alikuwa amewaeleza wakubwa wake kinyume, na kukiri kungemwaibisha. Badala yake alitoa kalamu yake na kutia sahihi chini ya masahihisho, kama shahidi, na akasema jambo ambalo Bwana Kassim alipenda kulirudia kwa miaka mingi: "Huko kwetu tukinyamaza ndipo tumekataa. Nilipaswa kuwaonya mapema." Mlango, kwa taarifa ya wanaobarizi, ulikuwa wazi muda wote. Upepo ulikuwa ukipita.

Jibu la makao makuu nililisoma mimi mwenyewe, kwa idhini ya mwenyekiti, kabla ya sinia kufunuliwa. Tawi la Pwani lingefanya mchujo wake kama kawaida, Jumamosi, katika uwanja wa manispaa. Nilidhani Bi. Esha angetabasamu. Aliniuliza kama barua ile imetiwa tarehe na muhuri, na nilipomwambia imetiwa vyote viwili, akasema, "Haya. Viazi."

Kuhusu yaliyompata Kadzo baada ya Jumamosi hiyo, huko mashindano ya taifa, nimeambiwa na watu wanne na wamenipa matokeo matatu tofauti. Sikuwapo, na sitachagua moja kwa kuwa lanifurahisha. Jumamosi yenyewe nilikuwapo. Bi. Esha alikuwa amenipa kazi ya kushika mwanzo wa utepe wa kupimia, pale penye ubao wa kurukia, akisema kwamba mtu anayeandika vipimo apate walau mara moja kuvishika. Kadzo alikanyaga nje mruko wa kwanza, bendera nyekundu ikainuka, na Bwana Katana akageuka kutazama ukuta. Mruko wa pili alirudi nyuma hatua zake, akazihesabu kwa midomo, akaja. Nilikuwa nimepiga goti karibu na ubao kiasi cha kuhisi ardhi. Mguu ulikanyaga weupe wa ubao, haukupita, nami niliuona. Bendera nyeupe ikainuka. Bi. Esha, kwenye mchanga, akaivuta ncha ya pili hadi alama iliyo karibu zaidi na ubao, akainama, akabadilisha miwani, akaandika. Kisha akaniambia nije nisome mwenyewe. Nilisoma: mita tano na sentimita themanini na moja. Aligeuza daftari lake, nikaona kwamba naye alikuwa ameandika hivyo hivyo, kabla ya kuniuliza.